Darasa la Vidudu na Hazina ya Taifa

Katika shule nyingi za msingi za Tanzania Bara limo darasa moja ambalo watu wazima hulitaja huku wakitabasamu. Nyaraka za Serikali huliita darasa la elimu ya awali. Wengine huliita chekechea. Lakini vijijini na mitaani jina lake lililozoeleka ni darasa la vidudu. Ndugu zetu wa Zanzibar wametuzidi adabu, wao husema maandalizi. Hatuna ugomvi na mama anayemwita mwanawe kidudu, maana mapenzi yana lugha yake. Ugomvi wetu huanza pale utani huo unapovuka kizingiti cha nyumba na kuingia katika makadirio ya fedha za umma, hata taifa zima likawahesabu wananchi wake wa miaka minne na mitano kuwa ni vidudu kweli, viumbe wa kulambishwa kilichosalia katika sufuria baada ya wakubwa kushiba.

Twasema tangu mwanzo ili tusije tukaeleweka vibaya. Elimu ya awali ni wajibu wa hazina ya umma, kama zilivyo barabara, zahanati na mahakama. Haifai kuachiwa mfuko wa mzazi, wala huruma ya wafadhili, wala biashara ya mwenye kiwanja na basi la njano. Wengi wamelitetea jambo hili kwa hoja za uchumi, na hoja hizo ni za kweli. Sisi tunalileta katika kitabu cha utamaduni kwa kuwa tunaamini hapa ndipo mahali pake hasa. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Tangu hapo tumeunda vikundi vya ngoma, tumejenga makumbusho, tumeanzisha mabaraza ya lugha na ya sanaa. Yote ni mema. Lakini roho hiyo haiingii katika kifua cha mtu akiwa na miaka thelathini, amekaa katika kiti cha mgeni rasmi akitazama ngoma. Huingia akiwa na miaka mitatu, minne na mitano, wakati ubongo wake unakaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na ulimi wake bado haujaamua utanena lugha gani kwa raha.

Wapo watakaotupinga papo hapo kwa methali. Watasema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, basi malezi ni kazi ya mama, na Serikali isiingize mkono wake jikoni mwa watu. Methali hiyo tunaijua na tunaiheshimu. Ila wanaoitumia hivyo wamesahau kwamba wazee wetu hawakuwa na maana ya mwanamke mmoja peke yake ndani ya chumba cha kupanga. Mama wa methali ni nyumba nzima: ni bibi, ni shangazi, ni mjomba, ni jirani aliyekuwa na ruhusa ya kukukemea ukipita bila kuamkia. Wazee hao hao ndio waliosema mkono mmoja haulei mwana.

Hebu tuitazame chekechea ya zamani, ile isiyokuwa na kibao mlangoni. Darasa lake lilikuwa uwanja wa nyumba, na saa yake ilikuwa jioni, nafaka ikikobolewa na moshi ukipanda. Bibi alitega kitendawili, na mtoto aliyeshindwa alidaiwa mji. Kwa njia hiyo alijifunza kwamba maneno yana sura mbili, na kwamba asiyejua hulipa. Sungura alimhadaa fisi, na mtoto akajifunza kutabiri litakalofuata, jambo ambalo ndilo msingi wa kusoma kwa ufahamu. Kokoto na mbegu za kuchezea zilimfunza kuhesabu kabla hajaijua tarakimu hata moja. Mchezo wa kujificha ulimfunza kungoja zamu. Gari la bua na mdoli wa kigunzi cha muhindi viliufunza mkono wake kazi ndogo ndogo ambazo baadaye huhitajiwa na kalamu. Hapakuwa na mtaala ulioandikwa, lakini mtaala ulikuwapo, na ulikuwa mpana kuliko mingi iliyoandikwa.

Tena shule hiyo haikuwa ya bure, wala tusidanganyane. Ililipiwa. Ukoo uliilipia kwa muda wa wazee, kwa chakula cha pamoja, kwa desturi iliyomlazimisha kila mtu mzima kuwa mwalimu wa kila mtoto. Kwa hiyo anayesema kugharamia chekechea kwa mfuko wa wote ni mawazo ya kigeni, yeye ndiye mgeni wa mila zake. Mababu walikuwa na hazina ya umma ya malezi. Kilichobadilika ni kwamba umma umekua, umekuwa taifa, na hazina yake imehamia Dodoma.

Leo bibi yuko Kasulu na mjukuu yuko Buguruni. Mama ameondoka alfajiri kwenda kukaanga vitumbua au kuwahi zamu ya kiwandani; baba yuko juu ya pikipiki akitafuta abiria. Mtoto ameachwa na msichana wa kazi, ambaye aghalabu naye ni mtoto aliyestahili kuwa darasani, au amefungiwa chumbani pamoja na televisheni. Hatumlaumu mama huyo. Tunawalaumu wanaomhubiria malezi ya ukoo ilhali wanajua kwamba ukoo haupo tena uani kwake.

Zamani kidogo taifa letu lililiona jambo hili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vilipoanzishwa vijiji vya ujamaa, vituo vya kulelea watoto vilizuka katika vijiji vingi, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania ukavihimiza, maana mwanamke hawezi kulima shamba la kijiji akiwa na watoto watatu miguuni. Vingine vilikuwa kibanda cha nyasi na sufuria ya uji tu. Lakini fikra yake ilikuwa sahihi: mtoto ni wa kijiji, na kijiji ndicho kilipe. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mbio za Elimu ya Msingi kwa Wote, ambazo kilele chake kilifikiwa mwaka 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe. Lilikuwa jambo kubwa, na vizazi vilivyosoma chini ya miti wakati ule ndivyo vilivyoibeba nchi hii. Hata hivyo, mstari ukachorwa kwenye miaka saba, na aliye chini ya mstari akabaki kuwa jambo la ustawi wa jamii. Sheria ya mwaka 1981 ya vituo vya kulelea watoto mchana iliweka masharti ya kuvianzisha na kuvisajili. Gharama ikabaki kwa mwenye kituo na mzazi.

Ndipo ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995. Hiyo iliitambua elimu ya awali rasmi, ikataka shule za msingi ziwe na madarasa ya watoto wa miaka mitano na sita. Sera njema, lakini kuagiza bila kulipa ni sawa na kumtuma mtoto dukani bila senti. Walimu wakuu waliitii kwa namna walivyoweza: chumba kilichopasuka ukuta, binti wa kidato cha nne aliyekosa kazi, na mchango wa kila mzazi kila mwezi. Ada za shule za msingi zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Mzazi wa kidudu akaendelea kuchanga. Asiyekuwa na cha kuchanga alibaki na mwanawe nyumbani, na wakubwa maofisini wakasema wakulima hawajaamka, hawajui thamani ya elimu ya awali.

Uongo huo ulifichuliwa mwaka 2016. Sera mpya ya mwaka 2014 ilikuwa imeutangaza mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa ni wa lazima, na waraka wa Serikali wa mwishoni mwa 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima kuanzia awali hadi kidato cha nne. Je, wakulima waliolala walifanya nini? Watoto wa awali walioandikishwa walipanda kutoka wapatao milioni moja mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni moja na nusu mwaka uliofuata. Nusu milioni ya watoto hawakuzaliwa kwa mwaka mmoja; walikuwapo, wamekaa nyuma ya mlango, wakisubiri mtu aondoe kufuli. Majirani zetu wa Kenya walikuwa wameliona jambo hilo kwa upande wake wa pili. Mwaka 2003 walifuta ada za shule za msingi bila kugusa chekechea, na wazazi wengi maskini wakaamua afadhali mtoto akae nyumbani asubiri darasa la kwanza la bure kuliko kulipia nasari. Somo ni lile lile. Mlango wa chekechea hufunguliwa au hufungwa na fedha, si na fikra za mzazi.

Lakini kufungua mlango si kukaribisha. Wasomaji wetu walimu wanajua walichokikuta ndani. Kanuni inasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Takwimu za elimu za miaka ile zilionyesha zaidi ya watoto 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa katika shule za Serikali. Mtu ambaye hajawahi kukaa na watoto mia wa miaka mitano kwa saa tatu asijipe ruhusa ya kuitaja idadi hiyo kwa wepesi. Kumi wanalia, sita wanataka kwenda chooni, na choo kilichopo kina tundu la mtu mzima. Wawili wamelala. Mmoja amechubuka goti. Walioketi mbele wanaimba namba kwa sauti kubwa, walioketi nyuma wanaimba sauti tu, bila namba.

Na nani anatumwa kuwafundisha? Tumesikia zaidi ya mara moja, kutoka kwa walimu wenyewe, kwamba katika baadhi ya shule kupangiwa darasa hilo huonekana kama adhabu. Mwalimu hodari apewe darasa la saba, kwa sababu la saba lina mtihani wa taifa na jina la shule litatangazwa. Aliyechoka, mgonjwa au mkaidi apewe vidudu. Huu ni upofu wa ajabu. Mwalimu wa kidato cha sita humpokea mtu ambaye tayari ana lugha, ana utulivu, ana kiu. Mwalimu wa awali humpokea mtu ambaye kesho huenda akaamua kwamba shule ni mahali pa kuogofya na asibadili uamuzi huo maisha yake yote. Yeye hana budi kuwa na sikio la mganga, sauti ya mwimbaji na subira ya mfinyanzi. Udongo uwahi ungali maji, tunasema. Kisha tunamkabidhi udongo huo mtu ambaye hatujampa gurudumu wala mshahara.

Tuje sasa kwenye lugha, maana hapa ndipo moyo wetu ulipo. Tumezoea kujisifu kwamba Kiswahili ni lugha ya kila Mtanzania. Ni kweli kwa jumla, na ni fahari yetu. Lakini mtoto wa ndani kabisa ya Usukumani, au wa boma la Wamaasai kule Ngorongoro, hakuzaliwa na Kiswahili. Amelelewa kwa Kisukuma au Kimaasai, lugha zenye methali na utenzi wake, na hakuna ubaya wowote. Mtoto huyo asipopita chekechea, siku anayokutana na Kiswahili ndiyo siku anayokutana na herufi, na ndiyo siku anayokutana na fimbo. Anatakiwa asome neno ambalo hajawahi kulisikia, katika lugha ambayo hajawahi kuitamka, mbele ya mtu asiyemjua. Akikwama, tunamwandika kuwa ni mzito. Mwaka mmoja wa awali wenye mwalimu anayeijua lugha ya nyumbani ya watoto, anayewaimbia kwa lugha zote mbili, humjengea mtoto daraja. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mfanyabiashara, maana hakuna faida ya kifedha katika kijiji cha wafugaji.

Faida iko mjini, na huko biashara inafanywa. Alfajiri basi la njano linapita mitaani kuwaokota watoto wa miaka mitatu wanaosinzia, kila mmoja na begi kubwa kuliko mgongo wake. Huko waendako wanafundishwa rangi, matunda na sala kwa Kiingereza, na wakithubutu kusema Kiswahili katika baadhi ya shule hizo hukaripiwa. Jioni mtoto anarudi akijua kutaja wanyama ambao hajawaona, na hajui kumwamkia babu yake. Mzazi anafurahi. Sisi hatuichukii lugha ya Kiingereza. Tunayo, tunaitumia, na watoto wetu wajifunze. Tunachokichukia ni kasumba ya kudhani kwamba akili ya mtoto huanza pale Kiswahili kinapokoma. Na tunachokiogopa ni kwamba watoto hao wawili, wa basi na wa bomani, watakutana miaka ishirini baadaye, mmoja akiwa bwana shauri na mwingine akiwa mwenye shida mbele ya meza yake, na hawatakuwa na wimbo hata mmoja wa utotoni wanaoujua wote.

Tutaambiwa fedha hakuna. Hilo ndilo jibu ambalo mtumishi yeyote wa Serikali hujifunza kuliandika kabla hajajifunza kuandika barua ya likizo. Basi na tukumbuke mwaka 2021. Taifa lilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na likaamua kujenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa mpigo. Vikasimama kwa miezi michache, na nchi nzima ikastaajabu jinsi saruji inavyoweza kwenda haraka ikiamriwa. Katika vyumba hivyo, 12,000 vilikuwa vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, zile shule ndogo zinazowasogelea watoto wadogo wasioweza kutembea maili nyingi wala kuvuka mto. Tunashukuru kwa hizo 3,000. Tunauliza tu kwa nini mdogo anapowekwa mezani na mkubwa, sikuzote sahani yake ndiyo inayokuwa ndogo kwa mara nne.

Kwa wale wasioamini jambo mpaka litoke ng'ambo, habari ipo. Mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, wataalamu walianza kuwafuatilia watoto 123 wa familia maskini za watu weusi. Sehemu yao walipewa chekechea nzuri, wengine hawakupewa. Walipofika umri wa miaka 40, wale waliopata chekechea walikuwa na kipato kikubwa zaidi na makosa machache ya jinai. Sisi hatukuhitaji kwenda huko, bibi angetuambia. Lakini kama hati ya mgeni inafungua mifuko, na isomwe.

Ugumu mwingine ni wa kiofisi. Mtoto wa chini ya miaka sita ana wazazi wengi serikalini na hana wa kulala naye. Sera iko Wizara ya Elimu. Shule na walimu wako TAMISEMI. Kituo cha kulelea mchana kinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii. Chanjo na lishe ziko Afya. Mnamo Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ili kuwakutanisha wazazi hao wote, na waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima. Hata hivyo, programu isiyokuwa na kasma yake katika kila halmashauri ni mkutano wenye ajenda nzuri. Wakati huo huo, uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto wa namna hiyo hatafundishwa irabu kabla ya uji. Uji ndio kitabu chake cha kwanza, na kitabu huandikwa katika bajeti.

Jambo moja tunaliomba likiwa kama sharti. Fedha zikija, zisije kununua darasa la kwanza lililofupishwa miguu. Tumeziona chekechea ambamo watoto wa miaka minne wanafanyishwa mitihani, wanapewa nafasi ya kwanza na ya mwisho, wanachapwa kwa kukosea herufi. Huo ni ukatili uliovaa sare. Umma ulipie mchezo, na usione haya kulipia mchezo: mchanga, bembea, ngoma ndogo, vibuyu, hadithi, mzee wa kijiji mwenye vitendawili ambaye atapewa posho yake kama anavyopewa mwezeshaji wa semina. Huko Mombasa katika miaka ya 1980, waalimu na akina mama walianza kuichanganya madrasa na chekechea, wakitumia nyimbo na vifaa vya pwani yao wenyewe, na mfano huo ukafika Zanzibar na Uganda. Na washairi wenzetu, ambao hatukosi beti za kumsifu kiongozi anayepita, tutunge za kuimbwa na mtoto wa miaka mitano. Ni ngumu zaidi, jaribuni.

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge hukaa Dodoma kujadili makadirio. Fedha za elimu ya awali aghalabu huandikwa pamoja na za elimu ya msingi, chungu kimoja, na anayejua jinsi chungu kimoja kinavyoliwa anajua mdogo hufikia nini. Mwalimu anayesoma kitabu hiki na kidato chake cha tatu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi la uraia: wamwandikie diwani wao na mbunge wao barua fupi ya heshima, wakiuliza halmashauri yao imetenga shilingi ngapi kwa ajili ya watoto wa awali peke yao, walimu wangapi wa awali wameajiriwa, na nani anayelipia uji. Wakijibiwa kwamba fedha hizo zimo humo humo ndani ya elimu ya msingi, waandike barua ya pili, waombe kuonyeshwa ukurasa.